Kopo la soko halina lebo: mnunuzi wa Kisangani ana haki ya kujua

Mama anayenunua unga wa bugari kwenye soko kuu la Kisangani, katika komuni ya Makiso, hanunui mfuko mzima. Ananunua makopo mawili au matatu, kadiri ya franka alizo nazo siku hiyo. Muuzaji anamimina unga ndani ya sashe, anaongeza konzi moja ya mbakishi, na biashara imekwisha. Mafuta ya kupikia ni vilevile: yanatoka kwenye bidoni kubwa, yanaingia katika chupa kuukuu ya maji, na chupa hiyo haisemi lolote isipokuwa jina la maji yaliyokuwamo zamani. Mfuko wenye maandishi umebaki depo, au umekwisha kugeuzwa kuwa turubai la kuanikia mihogo. Ukimuuliza muuzaji unga umetoka wapi atajibu "Uganda" au "Kinshasa", yaani atataja njia mzigo ulikopitia. Shamba ulikotoka yeye mwenyewe hakuambiwa.

Ndiyo maana swali la vyakula vilivyobadilishwa jeni, vile ambavyo redio zinaviita OGM, linafika Kisangani likiwa na sura yake ya pekee. Katika nchi nyingine watu wanabishana kuhusu neno gani liandikwe kwenye pakiti, kwa herufi za ukubwa gani. Hapa pakiti haimfikii mnunuzi. Sheria ya lebo, au etiketi kama wengi wanavyosema, ikinakiliwa kutoka Ulaya na kubandikwa jinsi ilivyo, itawahudumia wachache wanaonunua katika maduka yenye friji na jenereta. Wakaaji wengine wa Boyoma wataendelea kula bila kujua.

Kwanza iwekwe wazi ni vyakula gani vinazungumziwa, kwa sababu uvumi ni mwingi. OGM ni mmea ambao wataalamu wameuingizia jeni kutoka kiumbe kingine, au wamezirekebisha jeni zake maabarani, mara nyingi ili uvumilie dawa ya kuua magugu au ujikinge wenyewe na wadudu. Mimea inayolimwa hivyo kwa wingi duniani ni soya, mahindi, pamba na kanola. Soya ya Marekani, Brazil na Argentina karibu yote ni ya aina hiyo. Barani Afrika, Afrika Kusini inalima mahindi ya namna hii kwa miaka zaidi ya ishirini, na Nigeria imeruhusu kunde na mahindi. Kongo haimo katika orodha ya nchi zilizoruhusu wakulima wake kupanda mimea hiyo kwa biashara.

Basi lituma, sombe, kwanga, mawese, mbinzo, samaki wa Wagenia na mchele wa Bengamisa au Isangi havina sababu ya kutiliwa shaka. Maswali yanahusu vinavyotoka nje: mafuta ya soya, unga wa mahindi wa viwandani, uji wa mahindi na soya unaogawiwa na mashirika ya misaada, biskuti na vyakula vingine vya pakiti. Kuku wa barafu anayetoka ng'ambo ni jambo la kati: yeye mwenyewe hakubadilishwa jeni, lakini chakula alichofugiwa mara nyingi kilibadilishwa.

Je, vyakula hivyo ni sumu? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vile vilivyoko sasa kwenye soko la kimataifa vimepimwa usalama wake na haielekei kwamba vinaleta hatari kwa afya ya binadamu. Wanaohubiri kwamba OGM zinaondoa uzazi wanawatisha akina mama bila ushahidi, na wangefaa kunyamaza. Lakini kuna kundi la pili, lenye suti na vyeti, linalosema kuwa kwa kuwa chakula ni salama hakuna haja ya kumwambia mlaji. Kundi hili nalo limekosea. Mwislamu wa Kisangani akiuliza kama mbuzi amechinjwa inavyotakiwa, hakuna muuzaji anayemdai kwanza athibitishe kwa maabara kwamba nyama isiyochinjwa hivyo itamuumiza tumbo. Anajibiwa, kisha anaamua. Mkristo wa kanisa linalokataza vyakula fulani anajibiwa vilevile. Kujua kilichomo ndani ya chungu chako ni haki iliyokuwapo kabla ya maabara zote.

Tena kwa mkoa kama Tshopo kuna sababu nzito kuliko dini au woga, nayo ni mbegu. Mkulima wa kando ya barabara ya Buta au wa ng'ambo ya mto, Lubunga, mara nyingi hanunui mbegu dukani. Anaweka akiba mavuno ya mwaka jana, na akiba ikiliwa na panya au njaa ananunua mahindi ya kula sokoni na kuyapanda. Punje haijui kama imenunuliwa kwa kupikwa au kwa kufukiwa ardhini. Kama ni punje iliyobadilishwa jeni na yenye uwezo wa kuota, itaota, itatoa chavua, na upepo utaipeleka kwenye shamba la jirani ambaye hakuomba kitu. Mbegu hizo nyingi zina wenyewe kisheria, yaani kampuni zenye hati za kumiliki uvumbuzi. Mkulima wa hapa anaweza kujikuta na kitu cha wengine shambani mwake bila kupewa nafasi ya kukubali au kukataa.

Jambo hili si la kufikirika. Mwaka 2002, njaa ilipoikumba kusini mwa Afrika, Marekani ilipeleka msaada wa mahindi ambayo sehemu yake ilikuwa OGM. Zambia, jirani ya Kongo ambayo mahindi yake yamelisha Katanga kwa miaka mingi, ilikataa kabisa, na Rais Levy Mwanawasa aliyaita sumu. Zimbabwe, Malawi na Msumbiji zilishika njia ya kati: mahindi yaje yakiwa yamesagwa, ili watu wale na punje isipandwe. Mwanawasa alilaumiwa sana, na neno lake sumu halikuwa na msingi wa kisayansi. Lakini wale watatu waliotaka unga badala ya punje walikuwa wameelewa vizuri tatizo la mkulima asiye na duka la mbegu. Na waliweza kudai hivyo kwa sababu walijua kilichomo melini kabla hakijafika vijijini. Kama wasingejua, mashamba yangepandwa kabla ya mkutano wa kwanza.

Kongo haianzi kutoka sifuri. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya na usalama wa chakula. Nchi ilijiunga na Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe mwaka 2005. Itifaki hiyo inadai kwamba shehena ya punje zilizobadilishwa jeni, zinazokwenda kuliwa au kusagwa, iandamane na hati zinazosema kwamba ndani yake huenda mna viumbe vya namna hiyo. Hapo pana shimo ambalo lafaa lifahamike: itifaki inahusu viumbe hai, yaani vinavyoweza kuota. Unga haumo. Mafuta hayamo. Kwa mnunuzi wa Kisangani, ambaye mahindi ya kigeni yanamfikia yakiwa unga na soya ikimfikia ikiwa mafuta, Itifaki ya Cartagena inafungua mlango wa shamba na kuuacha mlango wa jikoni umefungwa. Mlango huo wa pili unaweza kufunguliwa tu na sheria ya nchi yenyewe.

Majirani wamekwisha kuhangaika na mlango huo, kila mmoja kwa namna yake. Afrika Kusini inataka chakula chenye asilimia 5 au zaidi ya OGM kiandikwe, tangu sheria yake ya kulinda walaji ilipoanza kutumika mwaka 2011. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha asilimia 0.9. Uganda ilipitisha muswada bungeni mwaka 2017 na tena 2018, na mara zote mbili Rais Museveni aliurudisha, akitaja miongoni mwa mengine hofu ya mbegu hizo kuchanganyika na mbegu za asili. Tanzania ilisimamisha majaribio mwaka 2021.

Kenya ndiyo yenye kisa cha kufundisha zaidi. Ilikuwa na sheria ya usalama wa viumbe tangu 2009 na kanuni za lebo tangu 2012, zenye kiwango cha asilimia 1. Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Novemba, baraza la mawaziri lilipiga marufuku kuingiza vyakula vya OGM, baada ya utafiti mmoja wa Ufaransa kuonyesha picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Mwaka uliofuata jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa kwa sababu matokeo yake hayakutosha kuthibitisha yaliyosemwa. Marufuku ilibaki palepale miaka kumi, hadi Oktoba 2022, ukame ulipobana na serikali mpya ikaiondoa kwa siku moja, na hapo ndipo mahakama zikaanza kujaa kesi. Katika muda wote huo, Mkenya wa kawaida aliambiwa kwanza kwamba chakula hiki hakifai kabisa, kisha kwamba kinafaa kabisa. Lebo aliyoahidiwa na kanuni za 2012 haikupata nafasi ya kuzoeleka mezani pake, kwani kilichopigwa marufuku hakihitaji kuandikwa. Serikali inayoamua kwa niaba ya mlaji bila kumpa habari inalazimika kubadilisha uamuzi kwa kishindo, na kila kishindo kinapunguza imani.

Mambo ya Kenya yanaihusu Kisangani moja kwa moja. Mji huu una milango miwili mikubwa ya bidhaa. Mmoja ni mto: mashua zinazopanda kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, zikibeba kila kitu kuanzia saruji hadi maziwa ya unga. Mwingine ni barabara namba 4, inayoanzia mpaka wa Uganda kule Kasindi, ikapita Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, ikibeba vinavyoshushwa bandarini Mombasa. Kinachoruhusiwa Nairobi leo kinaweza kuwa juu ya toleka kinakwenda Mangobo baada ya majuma machache, hali ya barabara ikiruhusu. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, imo SADC na imo COMESA. Mwezi Februari 2014, COMESA ilipopitisha sera yake ya pamoja kuhusu bioteknolojia, mkutano ulifanyika Kinshasa kwenyewe. Nchi yenye uanachama wa namna hiyo haiwezi kusema kwamba haikusikia.

Itasemwa kwamba watu wana njaa na lebo ni anasa ya matajiri. Itasemwa pia kwamba Kisangani ina hatari zilizo karibu zaidi: bidhaa zilizopitwa na muda zinazofutwa tarehe, karanga na mahindi yenye ukungu unaotoa aflatoksini, sumu ambayo madhara yake kwa ini hayana mjadala. Hoja hii ya pili ni kweli tupu, na ndiyo inayoonyesha kwamba suala ni moja. Mnunuzi asiyeweza kujua tarehe ya mwisho ya unga kwa sababu mfuko umebaki depo, ndiye yuleyule asiyeweza kujua kama mahindi yake ni ya OGM. Dawa ya moja ni dawa ya nyingine: maandishi yafuate chakula hadi kwenye kopo.

Kuhusu njaa, itazamwe hali ya waliohamishwa na mzozo wa Wambole na Walengola uliolipuka Lubunga mwaka 2023. Maelfu ya watu waliacha nyumba na mashamba. Mtu wa namna hiyo anakula anachopewa na hatauliza maswali mengi, wala hakuna mwenye haki ya kumcheka. Lakini atarudi shambani siku moja, na siku hiyo atahitaji mbegu. Akiwa amepewa punje, kuambiwa ni punje za namna gani si anasa.

Kuna wanaodai pia kwamba nchi kama Kongo haiwezi kusimamia sifa ya chakula isiyoonekana kwa macho. Historia inawapinga, na chombo cha ushahidi kimo katika kila jiko: chumvi. Rovu, ule uvimbe wa shingo, na ulemavu wa akili unaotokana na upungufu wa iodini vilitesa vizazi katika sehemu nyingi za nchi. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu na eneo la Ubangi vilijulikana na madaktari wa dunia nzima kwa sababu hiyo, tena ilionekana kwamba mihogo isiyotayarishwa vizuri inazidisha ugonjwa. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ikasambazwa. Iodini haionekani, haina harufu, na mama wa soko anauza chumvi kwa kijiko juu ya kipande cha karatasi. Hata hivyo ilifanikiwa kufika kwenye vyungu, kwa sababu chumvi inaingia nchini kwa milango inayohesabika na udhibiti uliwekwa mlangoni. Mafuta ya soya na unga wa mahindi wa kigeni navyo vina milango inayohesabika.

Tofauti moja ipo, na haifai kufichwa. Iodini inapimwa kwa tone la dawa. Jeni inapimwa maabarani, kwa mashine na kwa fedha, na mafuta ya soya yaliyosafishwa vizuri karibu hayabakizi jeni ya kupimwa. Ndiyo sababu Marekani, ambayo tangu Januari 2022 inalazimisha lebo kwa vyakula vya OGM, ilianza kwa kuyaacha nje mafuta ya namna hiyo, na kwa vingine ilimruhusu mtengenezaji aweke alama ya kupigwa picha kwa simu badala ya maneno. Kwa mtu wa Kabondo ambaye simu yake haina mega, alama hiyo ni ukimya uliochorwa vizuri. Ulaya imefuata njia nyingine: kila anayeuza anamkabidhi anayefuata karatasi inayosema kilichomo, kutoka shamba hadi duka, na mafuta yanaandikwa hata kama maabara haiwezi kuona kitu. Njia hii ya karatasi ndiyo inayoweza kufaa Kisangani, kwa sababu mwagizaji ndiye anayejua alinunua wapi, na gharama ya kusema ni ndogo kuliko gharama ya kupima.

Kupima kubaki kwa ajili ya kukamata waongo. Na kwa hilo mji huu una watu. Kilomita mia moja hivi kushuka mto kuna Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuwa na sifa barani kote tangu wakati wa INEAC, leo INERA. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Kisangani na chuo cha kilimo kilichobeba jina la Yangambi. Vijana wanaosoma humo biolojia na kilimo wanajua jeni ni nini. Wanachokosa ni vifaa, umeme wa uhakika na mtu wa kuwauliza swali. Ni ajabu kwamba jimbo lenye hazina hiyo lisubiri kuambiwa na wengine kilichomo katika unga wake.

Kosa kubwa linaloweza kufanywa ni kumtwisha mzigo mama wa soko. Kila mkaaji anajua jinsi kanuni mpya inavyogeuka: asubuhi ni ulinzi wa mlaji, mchana ni taksi, jioni ni mtu mwenye kofia anayesimama mbele ya beseni na kudai kitu. Mama anayeuza makopo arobaini kwa siku hawezi kujua asili ya jeni za mahindi, na kumtoza faini kwa kutojua itakuwa dhuluma. Wajibu uwe kwa mwagizaji na mwenye depo. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, tayari inakagua bidhaa zinazoingia na kutoa hati, na kila shehena halali ina karatasi zake. Karatasi hizo zinakaa ndani ya faili.

Sheria ya uagizaji ni kazi ya Kinshasa, na Bunge la taifa ndilo linalotakiwa kuandika kiwango na adhabu. Lakini masoko ni ya mji, na ofisi ya meya haihitaji kungoja Kinshasa ili kuwaambia wenye depo watundike ubao mlangoni. Ubao wa chaki wa shule unatosha: unga wa mahindi, nchi ulikolimwa, tarehe ya mwisho, na neno moja kuhusu jeni, ndiyo, hapana au muuzaji hakuambiwa. Uandikwe kwa Kifaransa, Kiswahili na Kilingala. Mama anayechukua mfuko wake hapo alfajiri atausoma kabla ya kulipa, na akifika sokoni ataweza kumjibu anayeuliza. Depo ambayo kila juma inaandika "hakuambiwa" itaanza kuwauliza wanaoiletea mizigo, kwa kuwa jirani yake ameandika jina la nchi na wateja wanahamia huko. Mchele wa Isangi nao, ambao mara nyingi unauzwa karibu na wa Asia bila kutofautishwa, utapata kwa mara ya kwanza ubao wenye jina lake.